Mpangaji wa Kamera Nne

Cheo chake kiliandikwa mlangoni: Mpangaji wa Vifaa. Alijifunza mapema kwamba cheo hicho kinahitaji maelezo, maana ukimwambia mtu wewe ni mpangaji, anakuuliza umepanga chumba mtaa gani na mwenye nyumba ana roho ya namna gani. Kwa hiyo alikuwa anasema tu kwamba anafanya kazi kwenye kituo cha televisheni, na akiulizwa anatokea saa ngapi, anajibu kwamba yeye hatokei, yeye anapanga nani atoke na kamera ipi.

Wenzake walimwita Mama Ratiba. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, chumba chenye dari la mteremko ambalo wageni walijigonga nalo na yeye hakuwahi kujigonga. Ukutani palikuwa na ubao wa chuma na vipande vya sumaku vya rangi: buluu kwa michezo, kijani kwa tamthilia, njano kwa watoto, nyeupe kwa habari. Mtu aliyetaka kamera, taa, chumba cha kurekodia au gari la nje alipitia kwake. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na mitatu kati ya hiyo alikuwa ameitumia mbele ya ubao huo. Hakuwa mkali, ila hapana yake ilikuwa hapana, na watu walishazoea kuipokea na kuondoka nayo.

Mume wake naye alikuwa hapo hapo kituoni. Huyo kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe mbele za watu. Aliajiriwa kutengeneza feni, vitasa na taa za vyumba. Siku moja mgeni wa kipindi cha asubuhi hakutokea, na mwongozaji, kwa kukosa la kufanya, akamvuta Fundi mbele ya kamera akiwa bado na pasi mbovu mkononi. Akaambiwa aendelee tu na alichokuwa anafanya, ila aseme kwa sauti. Aliifungua ile pasi, akaeleza ugonjwa wake kama mtu anayemsema jirani, akaifunga, ikawaka. Miezi mitatu baadaye akapewa kipindi chake, Tengeneza Mwenyewe, Jumamosi saa nne asubuhi, nusu saa. Wakati mambo haya yanatokea kipindi kilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Watu walimsimamisha barabarani kumuuliza habari za majiko yao.

Mwaka huo kituo kilinunua kamera za HD. Zilikuja nne, zikafunguliwa kwenye ukumbi wa chini, na hata watu wa kantini walikuja kuzitazama. Mhandisi mkuu wa kituo, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliiwasha moja, akaielekeza kwenye meza ya msoma habari. Kwenye skrini kubwa meza ile, ambayo nchi nzima iliamini ni ya mbao ya thamani, ilionekana kuwa bodi iliyobandikwa karatasi, na kwenye kona karatasi ilikuwa imeshikiliwa na gundi ya utepe. Watu walicheka mpaka msoma habari mwenyewe akaondoka.

Wiki iliyofuata mkuu wa vipindi alimwita Mama Ratiba.

"Kamera ni nne na vipindi ni thelathini na kimoja," mkuu alisema. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na alizungumza huku anasaini karatasi nyingine. "Nataka jedwali. Nani anapigwa kwa HD na nani anabaki na kamera za zamani. Na nataka kila mmoja aweze kuelezwa kwa nini, maana watakuja hapa kulia."

"Watakuja kwangu kwanza," alisema Mama Ratiba.

"Ndiyo maana nimekupa wewe."

Alikwenda kwa Mhandisi ili aelewe kabla ya kuandika. Alichukua daftari, akakaa kwenye kiti kilichojaa nyaya. Mhandisi alimwambia kwamba kamera ni sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Picha ya HD ni nzito. Inataka diski kubwa za kuihifadhia, kompyuta zenye nguvu za kuihariri, nyaya mpya ukutani, taa nyingine, na gari la nje lenye mitambo mingine kabisa. Kati ya vyumba vyote vya kurekodia, ni Chumba cha Kwanza pekee kilichokuwa kimebadilishwa nyaya.

"Kwa hiyo hata nikiwapa kamera wa Chumba cha Tatu?"

"Utakuwa umewapa pambo."

Walikaa siku mbili, na mwishowe wakapata maswali matatu. Swali la kwanza lilikuwa kama kipindi kitaonyeshwa tena. Tamthilia huuzwa nje, hurudiwa baada ya miaka, na wanunuzi wa nje walikuwa wameshaacha kupokea picha za zamani. Habari za leo jioni, kesho asubuhi hazina mwenyewe. La pili lilikuwa kama ndani ya picha kuna kitu kidogo ambacho jicho linakihitaji: mpira kwenye nyasi, uzi kwenye nguo, mdudu kwenye jani. "Watu wawili wakibishana kwenye kochi," Mhandisi alisema, "ubishi hauongezeki kwa HD." La tatu lilikuwa kama mahali panapopigwa picha panaweza kustahimili, yaani nyaya, taa, kuta, na nyuso zenyewe, kwa kuwa kamera mpya haisamehe msumari wala chunusi.

Kipindi kilichopata mawili kati ya matatu kiliingia. Kilichopata moja kilibaki nje.

Aliandika kwa penseli kwanza. Tamthilia iliingia, mpira uliingia, kipindi cha wanyama kiliingia, mashindano ya uimbaji yakaingia kwa shida. Mjadala wa Jumanne ulibaki nje, mapishi yakabaki nje kwa sababu jiko lilikuwa Chumba cha Tatu, watoto wakabaki nje. Alipofika kwenye Tengeneza Mwenyewe aliandika: kurudiwa, hapana; vitu vidogo, ndiyo; mahali, hapana, kwani kilipigwa kwenye stoo ya nyuma kwa nyaya za tangu enzi. Moja kati ya matatu. Akaendelea na mstari uliofuata.

Ila kulikuwa na jambo ambalo halikuwamo katika maswali matatu. Kwa miaka miwili mkono wa kulia wa Fundi ulikuwa unatetemeka. Ulianza na kikombe, kisha ufunguo kwenye kitasa, kisha akaanza kunyoa ndevu kwa mkono wa kushoto na kusema ni mazoezi. Hakuwahi kulitaja, na mkewe hakuwahi kumuuliza. Kwenye televisheni haukuonekana. Kamera ya zamani ilisimama mbali, picha yake ilikuwa laini kama iliyopakwa mafuta, na mtetemeko ulizama humo. Mama Ratiba alijua hayo yote wakati penseli inaandika hapana. Alirudia mstari ule mara mbili kuona kama amemwonea mtu, au amempendelea, na mara zote mbili hesabu ilitoka vilevile. Akapitisha wino juu ya penseli, akasaini.

Jedwali lilibandikwa ubaoni Jumatatu. Jioni walikula kama kawaida, yeye na mumewe, mezani jikoni. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine. Fundi alimaliza, akasogeza sahani.

"Nimeliona jedwali," alisema.

"Mm."

"Mwandiko mzuri."

"Sikukuonea, mzee."

"Sijasema umenionea. Nimesema nimeliona."

Baada ya hapo nyumba ilipoa. Hawakugombana. Fundi aliosha kikombe chake mwenyewe, jambo ambalo katika miaka ishirini na saba ya ndoa lilikuwa limetokea mara chache na kila mara lilikuwa na maana. Binti alipopiga simu, alimsalimu mama yake, akamsalimu baba yake, kisha akarudi kwa mama.

"Mama, kwani Baba ana nini? Ananijibu kama anayehojiwa polisi."

"Kuna kamera hajapata."

"Na ni nani aliyemnyima?"

"Mimi."

"Haya," alisema, "mimi simo."

Ule ukimya ungeweza kuisha wenyewe kama mengine ya nyumba ile. Lakini mwaka huo huo watu walianza kununua televisheni kubwa, na picha ya zamani kwenye televisheni kubwa inakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kwenye ndogo. Kila ulegevu wake unatanuka. Ujumbe ukaanza kuingia kituoni. Mpira unaonekana mpaka kamba za viatu, watu waliandika, sasa mbona Fundi anatengeneza vitu ndani ya ukungu? Mtu mmoja alisema anaambiwa aangalie skrubu ndogo na yeye haoni skrubu wala kitu kilichofungwa nayo. Mwanamke mmoja alieleza kwamba alifuata maelekezo ya plagi, akaingiza waya wa kahawia mahali pa buluu kwa kuwa kwenye skrini zote zilikuwa rangi moja, na plagi ikalipuka. Hakuumia, lakini alitaka kujua ni nani wa kulaumiwa kati yake, Fundi na macho yake.

Fundi alizichapisha barua zote hizo, akazipanga kwenye bahasha, akazipeleka kwa mkuu wa vipindi. Alipita mlango wa mkewe akienda na alipita mlango wa mkewe akirudi.

Jedwali lilikuwa la mwaka mmoja mmoja. Ulipofika wakati wa kuandika jingine, Mama Ratiba alichukua ule mstari mmoja, akaukata kwenye karatasi kwa rula, akaupeleka kwa Mhandisi.

"Huu ujaze wewe."

"Maswali unayajua vizuri kuliko mimi."

"Huyu ni mume wangu. Sitaki nijaze halafu nisijue ni mkono gani uliojaza."

Mhandisi hakuuliza zaidi. Alikaa nao siku tatu. Aliporudi alikuwa ameandika ndiyo mara tatu. Kuhusu kurudiwa alieleza kwamba pasi ya mwaka huu itaharibika vilevile mwaka kesho, kwa hiyo kipindi cha pasi hakichachi. Kuhusu mahali alisema tamthilia hupumzika kila Alhamisi asubuhi, na Chumba cha Kwanza hukaa kitupu. Meza ya Fundi ina magurudumu, isukumwe.

"Hilo la Alhamisi ningeweza kuliona mwaka jana," Mama Ratiba alisema.

"Ungeweza," Mhandisi alijibu.

Mama Ratiba aliongeza kipande cha sumaku kwenye ubao. Nyumbani siku hiyo Fundi alikuja na matikiti mawili, akapiga mluzi akiwa bafuni, akamwita mkewe bibie, neno alilokuwa ameliweka kabatini mwaka mzima. Yeye alipokea matikiti, akakata moja, akala kipande kimoja.

Alhamisi ya kwanza alifanya kitu ambacho hakikuwa kawaida yake: alipanda kwenye chumba cha waongozaji kutazama. Palikuwa na mwongozaji wa kipindi, kijana mwenye ndevu aliyependa mambo mapya, na mafundi sauti wawili. Mada ilikuwa ile ile ya plagi, irudiwe sasa kwa ajili ya yule mama aliyelipukiwa. Fundi alikuwa amevaa shati jipya. Alianza vizuri, sauti yake ilikuwa nzito na yenye utani, na kwenye skrini kubwa kila kitu kilikuwa wazi, mpaka vumbi kwenye meno ya koleo.

"Kamera ya pili, ingia mkononi," mwongozaji alisema kwenye kipaza sauti.

Kamera ikaingia. Mkono ulijaza skrini yote. Bisibisi ilikwenda kwenye kichwa cha skrubu, ikakosa, ikagonga plastiki. Ikaenda tena, ikakosa. Mara ya tatu iliteleza, ikachora mstari mweupe kwenye plagi. Kila mtetemeko ulionekana, na kivuli chake kilionekana pia mezani. Fundi aliendelea kuongea kana kwamba hakuna kitu, kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na kitu kipya. Ndivyo alivyokuwa akifanya kazi kwa miaka mitatu. Kule juu, mmoja wa mafundi sauti aliinamisha macho kwenye vitufe vyake.

"Tusimame kidogo, mzee," mwongozaji alisema.

Fundi alipanda ngazi, akaingia akipangusa mikono, akauliza kuna nini. Mwongozaji alitafuta maneno. Fundi alimwona mkewe pale kwenye kona, akaelewa kwamba jambo si la taa.

"Nionyesheni," alisema.

Wakamwonyesha. Aliangalia mpaka mwisho, akaomba warudishe, akaangalia tena.

"Kumbe ndivyo mkono ulivyo," alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunyoa kwa kushoto."

Fundi alitikisa kichwa. Wengine walijifanya wana shughuli. "Kwa hiyo ndiyo sababu mwaka jana…"

"Sijui," mkewe alisema. "Nimejiuliza mwaka mzima. Maswali yalitoka vile yalivyotoka, lakini nilipoandika hapana nilipumua. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo, kwa sababu zaidi ya hapo sijui."

Fundi alikaa kwenye kiti cha mwongozaji, ambacho hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukikalia, na hakuna aliyemwinua.

Walikwenda hospitali Jumatatu, wote wawili. Daktari alimfanya achore duara, ashike karatasi kwa mkono ulionyooka, atembee mpaka dirishani na kurudi. Akaupa ugonjwa jina lake, akasema hautamuua na pia hautaondoka, akaandika vidonge. Njiani Fundi alisema kwamba lile jina ni refu kuliko ugonjwa wenyewe. Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza la mzaha tangu Alhamisi, na mkewe akacheka kuliko lilivyostahili.

Mwongozaji naye alikuwa na wazo. Kituo kilikuwa na fundi umeme, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono yake imetulia kama meza. Yeye angefanya kazi, kamera ingeonyesha mikono yake tu, na Fundi angesimama pembeni akieleza. Fundi alikubali shingo upande. Walijaribu siku moja, mada ikiwa feni. Tatizo ni kwamba mikono ilikuwa na mwendo wake na mdomo ulikuwa na mwendo wake. Yule dada alikuwa ameshafunga feni wakati Fundi bado anaeleza jinsi ya kuifungua. Alipoambiwa apunguze kasi, alisimamisha mikono hewani akisubiri, na Fundi akasahau alikuwa wapi. Katikati ya jaribio la pili alivua kipaza sauti, akakiweka mezani taratibu.

"Dada yangu, unajua kazi kuliko mimi," alimwambia. "Ila huyu wanayemtengeneza hapa si wewe wala si mimi."

Juma lile hakurekodi. Nyumbani alikaa kwenye meza ya jikoni na plagi kumi. Mama Ratiba alikuwa anatoka kazini na kumkuta pale. Fundi alikuwa amefunga kitambaa kwenye mpini wa bisibisi mpaka ukawa mnene kama hindi. Alishona kifuko, akajaza mchanga, akakifunga kwenye kifundo cha mkono. Uzito ulipunguza mtetemeko, si wote. Aliisugua ncha ya bisibisi kwenye sumaku ili ivute skrubu. Aliegemeza kiwiko mezani, akaegemeza kidole kidogo kwenye plagi yenyewe. Alimwambia mkewe ahesabu mara anazokosa. Walianza na nane kati ya kumi, wakashuka mpaka tatu.

"Hizo tatu zitabaki," alisema.

"Basi zibaki."

Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya kamera ya HD, akanyanyua mkono bila kuuficha. "Mkono wangu siku hizi una mambo yake," alisema. "Mmeuona, tusidanganyane. Wewe ambaye wako umetulia, shika hivi. Wewe ambaye wako ni kama wangu, njoo nikuonyeshe kifuko." Akafunga plagi kwa dakika kumi na moja, kazi ambayo zamani aliimaliza kwa nne. Mara mbili alikosa, akasema amekosa, akarudia. Rangi za nyaya zilionekana wazi, kahawia kahawia na buluu buluu.

Mkuu wa vipindi alitaka kukata ile sehemu ya mwanzo. Alisema watu hutazama televisheni kupumzika. Mhandisi, ambaye si kazi yake kutoa maoni kuhusu maneno, alisema yeye asingeikata. Haikukatwa. Ujumbe ulioingia haukuwa wa aina moja. Wako waliomtania kwamba ameanza kupika chapati badala ya kufunga plagi, wako waliosema kipindi kimekuwa cha taratibu mno, na wako, wengi kuliko kituo kilivyotarajia, walioomba vipimo vya kile kifuko. Mwalimu mstaafu mmoja aliandika kwamba alikuwa ameacha kutengeneza redio zake miaka sita, na sasa amefungua moja, haijalia bado.

Kipindi kiliendelea miaka miwili na nusu. Fundi alikifunga mwenyewe, siku alipoona kwamba hawezi tena kushika chuma cha kuchomelea nyaya kwa risasi bila kuwatia watu hofu. Alisema chuma cha moto hakina utani. Yule dada fundi umeme alichukua nafasi yake, akaongea mwenyewe, akatengeneza mwenyewe, na Fundi alikuwa akimtazama kila Jumamosi na kumkosoa kwa simu.

Kufikia wakati huo kituo kilikuwa kimenunua kamera nyingine na kubadilisha nyaya za vyumba vyote, na jedwali la nani apate HD likawa halina kazi. Hata mjadala wa kwenye kochi ulipigwa kwa HD, na kama Mhandisi alivyosema, ubishi haukuongezeka. Mama Ratiba akapewa magari ya kurekodia nje, sita, ayapangie safari. Binti yake alipomuuliza kama kazi mpya ni ngumu, alisema ni nyepesi kuliko ile ya kwanza. Katika magari yote sita, alisema, hakuna hata moja lililomuoa.